Mtemi wa Kwanza Alitoka Wapi? Mgogoro wa Chimbuko la Koo za Watawala wa Usukuma Mashariki

Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kuzitoa wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu katika Mkoa wa Shinyanga na kuongeza Busega iliyomegwa kutoka Magu, halikuwa na mtawala mmoja kabla ya ukoloni. Lilikuwa na himaya nyingi ndogo ndogo, miongoni mwake Ntuzu, Itilima, Kanadi na Ng'wagala, na kila moja ilikuwa na mtawala wake aliyeitwa ntemi, wingi wake batemi, ambaye kwa Kiswahili ameitwa mtemi. Makazi yake yaliitwa ikulu, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulipa kazi kubwa zaidi jijini Dar es Salaam. Kila himaya ilikuwa na ukoo uliotoa watawala, na karibu kila ukoo wa namna hiyo ulisimulia kwamba mwanzilishi wake hakuzaliwa hapo: alikuja kutoka mbali, akapokewa, akatawazwa. Suala la alikotoka mgeni huyo limewashughulisha wazee, maofisa wa kikoloni na wanahistoria kwa zaidi ya karne moja, na majibu yaliyotolewa hayapatani.

Kabla ya kuyapima majibu hayo inafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii ugeni haukuwa jambo la ajabu. Jina lenyewe la Sukuma ni jina la upande wa dira: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi, kwa hiyo Msukuma ni "mtu wa kaskazini" kwa anayemtazama akiwa Unyamwezi, na mtu yuleyule anaweza kuwa wa mashariki kwa jirani yake wa upande wa pili. Wanyantuzu wa Bariadi wameishi kwa vizazi vingi wakipakana na Wataturu, wafugaji wa asili ya Kidatoga ambao Wasukuma waliwahofia kwa uganga na kuoana nao, na mbuga za upande wa Serengeti zilikuwa zikijaa watu na kubaki tupu kadiri ukame, ndorobo na uvamizi wa mifugo ulivyoamua. Katika mazingira kama hayo familia nyingi za kawaida zingeweza kusimulia babu aliyehamia kutoka kwingine. Kinachohitaji kuelezwa basi ni sababu iliyofanya ugeni wa babu mmoja tu ugeuke kuwa hati ya kutawala.

Masimulizi ya koo za watemi, yaani mapokeo yaliyohifadhiwa kwa mdomo na wazee walioaminiwa kuyakumbuka, yanaelekeza mara nyingi upande wa magharibi na kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Ukoo uliochunguzwa kwa kina zaidi ni wa Babinza, ambao matawi yake yalitawala himaya kadhaa za Usukuma. Mwanahistoria Buluda Itandala aliwasilisha mwaka 1983 tasnifu ya uzamivu juu yao katika Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, na kabla ya hapo, mwaka 1979, alikuwa amechapisha makala ya kupanga tarehe za historia yao ambayo kichwa chake kinawataja Ilembo, Nkanda na "wasichana". Neno hilo la mwisho limepitwa kwa haraka na wasomaji wengi, ingawa huenda ndilo lenye uzito kuliko majina mawili yaliyolitangulia. Litarejewa hapa chini.

Jibu la kwanza kuandikwa kwa uhakika mkubwa, na lenye msingi dhaifu kuliko yote, lilitoka kwa Wazungu. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutokea Usukuma mwaka 1858, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa wahamiaji kutoka Uhabeshi. Henry Morton Stanley naye alipita Usukuma mwaka 1875 na kuuona Mto Simiyu kuwa chanzo cha kusini kabisa cha maji ya Nile. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba watu waliokuja kutafuta chanzo cha mto waliondoka wakiwa wamegawa pia vyanzo vya watawala. Dhana ya Speke ilikuja kuitwa nadharia ya Kihamu, yaani imani kwamba kila penye ufalme, chuma au ng'ombe wengi katika Afrika ya ndani lazima walipita watu wenye ngozi nyeupe zaidi kutoka kaskazini, na C. G. Seligman aliipa sura ya kitaaluma mwaka 1930. Maofisa walioandika juu ya Usukuma katikati ya karne ya 20, akiwemo Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, na D. W. Malcolm, walifanya kazi katika hewa ya nadharia hiyo, na wahamiaji wa Kihima, yaani wafugaji kutoka magharibi, wakawa maelezo ya kawaida ya chimbuko la utemi. Nadharia hiyo ilianza na hitimisho na kutafuta ushahidi baadaye. Hata hivyo kuitupa hakutoshi kuthibitisha kwamba hakuna mtu yeyote aliyetoka magharibi, na hapo ndipo baadhi ya wakosoaji wake walipovuka mpaka.

Ushahidi wa lugha ni mgumu kuupinda kuliko wa masimulizi. Kisukuma na Kinyamwezi ni ndugu wa karibu na katika mpangilio wa lugha za Kibantu uliotungwa na Malcolm Guthrie vimewekwa katika kanda F, ilhali Kihaya, Kizinza na Kikerewe ni vya kundi jingine, lile la Maziwa Makuu. Katika nchi hizo za kundi la pili, Karagwe, Buhaya, Buzinza na hata kisiwani Ukerewe, mtawala aliitwa mukama au omukama, na nasaba nyingi za huko zilijitaja kuwa uzao wa Ruhinda, mwanzilishi wa ufalme wa Karagwe. Kama familia ya Kihinda ingelikuja Usukuma na taasisi yake kamili, tungetegemea walau jina la cheo liambatane nayo, kama lilivyovuka maji mpaka Ukerewe. Halikuja. Cheo cha ntemi kinaenea upande mwingine kabisa, kwa Wanyamwezi, Wakimbu na Wagogo, na asili yake ni kitenzi cha kukata: wapo wanaosema mtemi ni aliyekata pori akafungua nchi, na wapo wanaosema ni anayekata shauri. Maana zote mbili zinamweleza mtu kwa kazi aliyoifanya mahali alipo, wala hazigusi alikotoka.

Vitu vya enzi navyo vinavuruga safari ya moja kwa moja kutoka magharibi. Alama mojawapo mashuhuri ya utemi katika Tanzania ya magharibi na kati ilikuwa kibangwa, kisahani kilichokatwa kutoka sehemu ya chini ya kombe la baharini na kuvaliwa na mtawala. Kombe hilo ni la Bahari ya Hindi, kwa hiyo kila kibangwa kilichovaliwa Ntuzu au Ng'wagala kilisafiri kutoka mashariki, mkono kwa mkono, pengine kwa miaka mingi kabla ya misafara mikubwa ya karne ya 19. Aylward Shorter, aliyechunguza utawala wa Wakimbu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionesha jinsi cheo, kombe na simulizi za waanzilishi zilivyosambaa kwa hatua fupi kati ya majirani. Cheo kinaweza kusafiri bila ukoo, ukoo unaweza kusafiri bila cheo, na simulizi inaweza kusafiri bila kimojawapo.

Kuhusu simulizi yenyewe, umbo lake linajulikana mno kiasi cha kutia shaka. Mwindaji anatokea porini, ana nyama, anaigawa kwa wenyeji waliokuwa wakigombana au kuteswa, nao wanamwomba abaki awaamue. Usambara humsimulia hivyo Mbegha, mwindaji aliyetoka upande wa Ungulu na ambaye Steven Feierman alimchambua mwaka 1974 kama namna ya Washambaa kufikiri juu ya mamlaka. Uhehe nasaba ya Muyinga, iliyomtoa Mkwawa, humtaja Mufwimi, jina ambalo lenyewe maana yake ni mwindaji. Kwa kuwa haielekei kwamba wawindaji wakarimu walizunguka nchi nzima wakitafuta viti vya enzi, ni busara kusoma simulizi hizi kama maelezo ya sifa ya mtawala: asiwe na ndugu katika ugomvi anaoukata, na atoe kabla ya kupokea. Ugeni hapa ni sharti la haki kabla ya kuwa habari ya jiografia. Hilo halimfutilii mbali mgeni wa kweli, kwa maana watu wanaotaka mwamuzi asiye na upande wanaweza kumchagua mgeni kwa makusudi, lakini linafanya jina la mahali alikotoka kuwa sehemu legevu kuliko zote katika masimulizi, rahisi kubadilishwa kila utukufu wa jirani fulani unapopanda au kushuka.

Wanahistoria wa miaka ya 1970 walijaribu kuikaza sehemu hiyo kwa hesabu. Mradi ulioongozwa na J. B. Webster, ambamo makala ya Itandala ya mwaka 1979 ilichapishwa, ulioanisha orodha za watawala wa nchi mbalimbali kwa kutumia ukame uliokumbukwa na tukio la kupatwa kwa jua linalotajwa katika mapokeo ya falme za Bunyoro na Nkore, ambalo wengi walilihusisha na kupatwa kwa mwaka 1520. Ugumu wa njia hii ni kwamba inategemea kujua orodha ya majina inapima nini. Orodha ya watawala 15, ikihesabiwa kama vizazi vya miaka 30, inampeleka mwanzilishi nyuma kwa miaka 450. Ikihesabiwa kama tawala zenye wastani wa miaka 12, inamrudisha kwenye miaka 180 tu, tofauti inayotosha kumhamisha kutoka zama za Wareno hadi mkesha wa biashara ya misafara. David Henige alikuwa ameonya tangu mwaka 1974 kwamba orodha ndefu za baba kwa mwana ni nadra mno katika nasaba zenye kumbukumbu za maandishi, na kwamba masimulizi huwa na tabia ya kuwapanga ndugu na wapinzani kana kwamba walizaana. Usukuma tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu katika himaya nyingi watawala hawakupaswa kuwa baba na mwana hata kidogo.

Kabla ya kufika hapo, lazima izingatiwe pia kwamba orodha nyingi zilizobaki ziliandikwa wakati orodha zilipokuwa na mshahara ndani yake. Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala kupitia wenyeji, mfumo ambao sheria yake ya msingi ilitungwa mwaka 1926, maofisa wa wilaya, Maswa ikiwemo, walitakiwa kujua nani ni mtawala halali, nao wakawaita wazee na kuandika nasaba katika vitabu vya wilaya. Mzee aliyehojiwa alifahamu vyema kwamba jibu lake lingeweza kumpa mpwa wake mahakama, tarishi na posho, au kumpa mpinzani. Alifahamu pia, kwa maana wazee si wajinga, kwamba bwana shauri aliyekuwa mbele yake alivutiwa na watawala waliotoka kwenye falme kubwa za magharibi kuliko wale walioota papo hapo kama mtama. Ulinganifu wa masimulizi yaliyokusanywa baada ya mwaka 1926, ambao wakati mwingine umechukuliwa kuwa uthibitisho, unaweza kuwa ulinganifu wa maswali.

Sasa urithi. Cory na waandishi wengine waliotafiti desturi za Kisukuma walieleza kwamba katika himaya nyingi mtoto wa kiume wa mtemi hakumrithi baba yake: mrithi alitafutwa miongoni mwa wana wa dada zake na wanawake wengine wa ukoo wa enzi, na uchaguzi ulifanywa na banang'oma, baraza la wazee waliolinda ngoma na siri za utawazaji. Mfumo huu, ambao wataalamu huuita urithi wa upande wa mama, una matokeo ambayo mjadala wa chimbuko umeyapuuza kwa namna ya kushangaza. Chukua simulizi ya mwindaji kama ilivyo na umpe miaka ya kutawala. Akifa, kiti kinakwenda kwa mwana wa dada yake, na baba wa kijana huyo ni mtu mwingine kabisa, yamkini mwenyeji. Mpwa huyo naye akifa, kiti kinakwenda kwa mwana wa dada yake, ambaye baba yake ni mwenyeji mwingine. Damu ya kiume ya mwindaji inatoka ikulu siku anayozikwa na hairudi tena, na baada ya vizazi vitatu au vinne watawala wote ni wana wa wanaume wa nchi hiyo hiyo, huku ukoo ukiendelea kujiita wa mgeni. Kinachodumu ni mstari wa wanawake.

Kutokana na hapo mwindaji wa pekee anageuka kuwa kitendawili. Kama alikuja peke yake na mbwa wake, hakuwa na dada, na bila dada hapana mpwa wa kurithi. Inawezekana basi kwamba alikuja na mama, dada au mabinti, na hapo habari si ya mwindaji bali ya familia iliyohama, ambayo wanawake wake ndio waanzilishi wa enzi. Ama kwamba utawala ulipitia kwa binti zake aliowazaa na mke mwenyeji, na hapo bibi wa nasaba nzima ni mwanamke wa papo hapo. Ama kwamba mstari wa wanawake ulikuwapo tayari, wenye mamlaka juu ya ardhi au mvua, na mwindaji akaongezwa mbele yake baadaye, zama ambazo enzi ilihitaji sura ya kiume. Kichwa cha makala ya Itandala, kwa kuwaweka wasichana sambamba na Ilembo na Nkanda, kinaegemea uwezekano wa kwanza kuliko mingine, na kwa Babinza hilo ndilo lenye nguvu, kwa sababu linaeleza kwa pamoja kumbukumbu ya safari na kanuni ya urithi bila kulazimisha mojawapo itupwe. Hata sheria ya kawaida ya ndoa inaunga mkono: Wasukuma walitofautisha kukwa, ndoa ya mahari ambayo watoto wake ni wa baba, na butende, muungano usio na mahari ambao watoto wake ni wa upande wa mama, kwa hiyo njia ya kisheria ya kumbakiza mwana wa binti wa enzi katika ukoo wa enzi ilikuwa inafahamika na kila mtu.

Hadithi mashuhuri zaidi ya Wasukuma inasimama upande huohuo. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito, naye anamzaa Masala Kulangwa, anayekua bila kumjua baba yake, analiua zimwi, anawatoa watu tumboni na kufanywa mtawala. Hadithi si ushahidi wa tukio, lakini inaonesha kwamba palikuwa na njia nyingine ya kufikiri juu ya mtawala wa kwanza, njia ambayo haimhitaji mgeni wala baba, ila mama aliyesalimika.

Mtu anaweza kudhani kwamba matatizo haya yote ni ya jamii zisizoandika. Mfano wa New Amsterdam, koloni la Waholanzi ambalo sasa ni jiji la New York, unakataa. Anthony Jansen van Salee alifika huko karne ya 17, akaitwa Mturuki katika kumbukumbu za koloni, akafukuzwa Manhattan mwaka 1639 na kuhamia Long Island, ambako uzao wake ulienea. Karatasi zinazomhusu ni nyingi, kesi hasa. Hata hivyo dai kwamba alikuwa mwana wa Jan Janszoon, Mholanzi wa Haarlem aliyetekwa, akasilimu na kuwa nahodha mkuu wa maharamia wa Salé nchini Morocco, linategemea zaidi jina la mji huo na jina Jansen, ambalo maana yake ni "mwana wa Jan" tu na lilibebwa na maelfu ya watu. Na suala la mama yake linabishaniwa hadi leo. Hapo pia, kila aliyetafuta alimtafuta baba.

Karibu zaidi na nyumbani, Kilwa ina masimulizi ya Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shirazi, yaliyoandikwa katika tarehe ya mji huo mwanzoni mwa karne ya 16 na kunukuliwa na Mreno João de Barros. Kwa miongo mingi wataalamu waliyaona kuwa majigambo ya watu wa pwani waliotaka nasaba ya Kiajemi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Afrika Mashariki na katika mji mmoja wa bara kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, na ukaonesha kwamba mchanganyiko wa Kiafrika na Kiasia ulianza karibu mwaka 1000, sehemu ya Kiasia ikiingia kwa wanaume wa Kiajemi hasa na sehemu ya Kiafrika kwa wanawake. Masimulizi yalikuwa na chembe ya kweli kuhusu baba, na yalinyamaza juu ya mama ambao ndio waliotoa zaidi ya nusu ya asili ya wengi wao.

Ni rahisi kutamani uchunguzi kama huo Bariadi, na hakuna sababu ya kisayansi ya kuuzuia, lakini masharti yake yangekuwa tofauti. Kinasaba kinachopita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume kisingesema lolote juu ya mtemi wa kwanza, kwa kuwa mstari huo ulikatika katika urithi wa kwanza. Kinachoweza kusema ni kile kinachopita kwa mama kwenda kwa watoto wote. Hapo linazuka gumu la mwisho. Katika miongo ya utawala wa Waingereza himaya nyingi ziligeukia urithi wa baba kwa mwana, mpaka serikali huru ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Na katika miaka ya karibuni, heshima ya familia hizo ilipofufuka kiasi cha Rais Samia Suluhu Hassan kutawazwa Chifu Hangaya mkoani Mwanza mwezi Septemba 2021, waliojitokeza kama warithi ni aghalabu wana na wajukuu wa wanaume wa watawala wa mwisho. Wanaoshika ngoma na vibangwa leo, kwa hesabu ya zamani, wangekuwa watoto wa mtemi wasiostahili kurithi, na uzao wa wanawake wa enzi umetawanyika kwenye vijiji vya Itilima, Maswa na Bariadi chini ya majina ya baba zao, na hakuna anayewauliza chochote juu ya utemi.